Familia Ipo, Lakini Nani Ameiuliza?

Mwanamke wa Tanzania akitimiza miaka 50, mojawapo ya tafiti kubwa za afya nchini humalizana naye. Katika utafiti wa afya ya uzazi, mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022, mdadisi alifika na kishikwambi chake, akaandika majina ya wote waliolala katika kaya ile, bibi na babu wakiwamo. Kisha akawatenga wanawake wa miaka 15 hadi 49, na katika baadhi ya kaya wanaume wa umri huohuo, akawahoji mmoja mmoja. Bibi wa miaka 73 aliyeketi mkekani, mwenye presha na mguu unaovimba, alibaki jina kwenye orodha. Kenya, katika utafiti wa aina hiyohiyo uliofanyika mwaka huohuo, wanawake walikomea miaka 49 na wanaume 54.

Hapo hapana hila. Utafiti ule ulibuniwa kupima uzazi, lishe na vifo vya watoto, na kwa kazi hiyo umetufaa mno. Tatizo ni kwamba hakuna mwingine wa ukubwa ule uliobuniwa kwa ajili ya bibi. Hata utafiti wa maradhi yasiyoambukiza, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo maradhi ya uzeeni, uliwaacha wazee wengi mlangoni. Tanzania ilipoufanya mwaka 2012 ilichukua watu wa miaka 25 hadi 64. Kenya mwaka 2015 ilichukua miaka 18 hadi 69. Tulikwenda kupima presha na sukari ya taifa, tukafunga daftari kabla ya kuwafikia wanaoandamwa zaidi na presha na sukari.

Ndiyo maana kila Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, mimi huzisikiliza hotuba kwa sikio moja. Kauli huwa ileile: mzee wa Kiafrika anatunzwa na familia yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa taasisi ya msingi ya matunzo, na makazi ya wazee kuwa kimbilio la mwisho. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 57, inampa mzee haki ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa dola. Kimaadili sina ugomvi na maneno hayo. Ila ndani yake mmejificha dai linaloweza kuwa kweli au lisiwe: kwamba familia ipo, ina mikono, ina muda, ina fedha, na itaendelea kuwa navyo. Dai la namna hiyo huthibitishwa kwa kwenda kuuliza nyumba kwa nyumba, na kurudi baada ya muda kuwauliza watu walewale. Serikali ambayo haijawahi kuiuliza familia inavyouguza wazee wake haina haki ya kuifanya familia kuwa sera.

Wako wangapi si swali gumu

Tunachokijua vizuri ni idadi. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta Watanzania wenye miaka 60 na zaidi wakiwa takriban milioni 2.5. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta takriban milioni 3.5. Kwa kuwa na vijana nao wameongezeka, sehemu ya wazee katika taifa imetoka asilimia 5.6 kwenda 5.7 tu, na mpangaji wa bajeti akiiona tarakimu hiyo hashtuki. Lakini asilimia haiugui. Wanaougua ni watu, na watu hao wameongezeka kwa karibu milioni moja katika miaka kumi. Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban milioni 2.7.

Sensa, hata hivyo, haiwezi kutueleza ni wangapi kati yao asubuhi hushindwa kuinuka kitandani bila kushikwa mkono, wala nani huwashika. Kwa hilo yapo maswali maalumu, na yana historia yake. Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Sidney Katz, alipendekeza kipimo cha mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kutoka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Mpaka leo mambo hayo sita ndiyo uti wa mgongo wa tafiti za huduma ya muda mrefu. Uzito wake uko katika mahesabu yanayofuata, kwa sababu kila jibu la "siwezi" ni saa za mtu mwingine. Asiyeweza kula mwenyewe anahitaji mtu mara tatu kwa siku. Asiyeweza kuzuia haja anahitaji mtu hata saa nane ya usiku.

Mwaka 1969 Lawton na Brody, nao wa Marekani, waliongeza kazi za kujimudu kimaisha: kutumia simu, kwenda sokoni, kupika, usafi wa nyumba, kufua, kusafiri, kumeza dawa kwa mpangilio, kushika fedha. Hapa ndipo dodoso la kuazima huanza kukwama. Ukimuuliza mzee wa kiume wa miaka 80, ambaye tangu azaliwe hajashika mwiko, kama anaweza kupika, atakuambia hawezi. Mdadisi akiandika kuwa ana upungufu, atakuwa amepima mila za nyumba hiyo na kuiacha afya ya mzee. Ukimuuliza bibi asiyewahi kumiliki simu kama anaweza kupiga simu, umerudia kosa lilelile.

Kazi ya kuyarekebisha maswali hayo imeshafanyika hapahapa nyumbani, na ni ajabu inavyojulikana kidogo. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, mradi wa kufuatilia maradhi na vifo vya watu wazima ulianza kuhesabu kaya mwaka 1992. Juu ya msingi huo wa kaya zilizokwisha kuhesabiwa, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliweza baadaye kuwafikia wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na kukadiria kuwa asilimia 6.4 ya watu wa umri huo wanaishi na demensia, ule usahaulifu unaozidi kila mwaka ambao wengi wetu hudhani ni uzee tu, na wengine, kwa balaa kubwa zaidi, hudhani ni uchawi. Baadaye wakatengeneza kipimo cha akili kinachomfaa mtu ambaye hakukaa darasani. Badala ya kumpa mzee kalamu achore maumbo, walimpa njiti za kiberiti azipange kwa mfano aliooneshwa. Pia waliandika upya orodha ya shughuli za kila siku ili iulize yale ambayo mzee wa kijijini hutarajiwa kweli kuyafanya.

Hai ilitupa na funzo jingine. Katika utafiti wa kiharusi wa kati ya mwaka 2003 na 2006, wapya waliopata kiharusi kwa mwaka, baada ya kusawazisha umri, walikuwa takriban 108 kwa kila watu 100,000 wilayani Hai. Katika maeneo ya Dar es Salaam yaliyofuatiliwa kwa njia hiyohiyo walikuwa takriban 315, karibu mara tatu. Mtu akinusurika na kiharusi, mara nyingi huanza hapo miaka ya kuoshwa, kulishwa na kugeuzwa kitandani. Jiji lenye nyumba za vyumba viwili vya kupanga ndilo linalozalisha mzigo huu kwa kasi, na zamani wazee wa mjini walijua pa kwenda: ng'ombe akivunjika guu malishoni hurejea zizini. Je, zizi bado lina mtu? Swali hilo silioni katika madodoso ya taifa.

"Namshukuru Mungu" si takwimu

Kumhoji mzee ni ufundi wake wenyewe. Mwulize mzee wa pwani hali yake. Atakujibu "Alhamdulillahi" hata kama usiku mzima hakulala kwa maumivu ya nyonga. Mwulize wa bara, atakuambia "Namshukuru Mungu." Huo ni uungwana, na ni imani pia, lakini kwenye kishikwambi huingia kama "afya nzuri." Ndiyo maana tafiti makini haziishii kwenye kuuliza. Humpa mzee kifaa cha kubana ili kupima nguvu za mkono, humwomba atembee mita chache huku saa ikihesabu, humwomba ainuke kitini mara kadhaa bila kujishika. Mwili hujibu bila adabu.

Umri nao ni kazi. Waliozaliwa kabla ya Uhuru wengi hawana cheti, na miaka wanayoitaja huangukia sana kwenye 60, 65, 70. Mdadisi mzuri huenda na kalenda ya matukio: Uhuru wa 1961 ulikukuta umeshaolewa? Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 yalikukuta na mtoto wa ngapi? Wakati wa Vita vya Kagera ulikuwa wapi? Kosa la miaka mitatu linaweza kuwa na bei. Zanzibar ilipoanzisha pensheni jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, mlango uliwekwa kwenye miaka 70. Kenya nayo, kwa mpango wa Inua Jamii ulioanza kuwafikia wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018, iliweka mlango palepale.

Kuna na kikwazo kigumu zaidi. Mzee huhojiwa sebuleni, watoto wamezunguka. Hawezi kusema kuwa jana alilala na njaa, au kwamba mjukuu humfungia ndani akienda kibaruani, huku mwenye nyumba akimkodolea macho. Wala binti anayemuuguza hawezi kusema amechoka mbele ya mama yake. Huyu hapaswi kuhojiwa mbele ya yule, na kila mmoja anastahili maswali yake.

Kurudi kwa watu walewale

Wamarekani walianza mwaka 1992. Utafiti wao wa afya na kustaafu, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Michigan, huwahoji takriban watu 20,000 wenye zaidi ya miaka 50 kila baada ya miaka miwili. Watu ni walewale. Humwona mtu akiwa kazini, anapostaafu, anapoanza kusahau, mwanawe anaporudi kumwangalia. Akifariki, mdadisi hurudi mara moja ya mwisho kumhoji ndugu: aliugua muda gani, nani alimhudumia, fedha zilitoka wapi. Mwaka 2011 ukaanza utafiti mwingine wa wenye miaka 65 na zaidi, na huo una tawi lake la kuwahoji wanaowauguza. Takwimu za tafiti hizi, zikishaondolewa majina, hupewa mtafiti yeyote anayejiandikisha na kukubali masharti, hata mwanafunzi aliyeko Dodoma.

Mfano huo umeenea: Uingereza tangu 2002, nchi za Ulaya bara tangu 2004, China tangu 2011, India kwa watu zaidi ya 72,000. Afrika Kusini ilianza kuwafuatilia watu 5,059 wenye miaka 40 na zaidi huko Agincourt, mkoani Mpumalanga. Na Kenya nayo imeanza: Chuo Kikuu cha Aga Khan, kwa kushirikiana na Michigan, kiliandaa utafiti wa muda mrefu wa afya na uzee, na majaribio yake yalianzia Kilifi. Watu wa pwani wamehojiwa. Hiyo ni habari njema ambayo haikupewa hata robo ya nafasi wanayopewa wanasiasa.

Kwa nini kurudi ni muhimu? Chukua familia ya kufikirika, ingawa wasomaji wengi wataifananisha na ya kwao. Bibi anaishi Machame. Anapata kiharusi. Miezi mitatu ya kwanza analetwa Dar es Salaam kwa mwanawe wa kwanza, karibu na hospitali. Kisha anahamishiwa Mwanza kwa binti wa pili mwenye chumba cha ziada. Mwaka wa pili anarudishwa Machame, na mjukuu wa miaka 16 anaachishwa shule kukaa naye. Binti wa tatu, aliyekuwa na genge la mboga, analifunga ili aende kusaidia. Kaka aliyeko Muscat hutuma fedha za dawa na pampasi za watu wazima, mpaka mwezi anaokosa.

Utafiti wa mara moja utamkuta bibi katika mojawapo ya nyumba hizo na kuandika: anaishi na familia, anatunzwa. Ni kweli, na haisemi lolote. Shule iliyokatizwa, genge lililofungwa, ndugu wasiosemezana tena kwa sababu ya michango, vyote viko kati ya tarehe moja na nyingine, na vinaonekana tu kwa anayerudi. Gharama ya huduma ya muda mrefu Afrika Mashariki ipo. Inalipwa kwa elimu ya mjukuu na mtaji wa binti, na kwa kuwa haina risiti, Wizara ya Fedha huiona bure.

Dalili za nani hulipa tunazo. Utafiti wa matumizi ya muda wa Kenya wa mwaka 2021 ulionesha kuwa wanawake hutumia takriban saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na matunzo zisizo na malipo. Wanaume, chini ya saa moja. Basi tunaposema "familia," tuseme ukweli: tunamaanisha binti, mkwe na mjukuu wa kike. Sera inayoegemea familia inaegemea migongo yao, na wao pia watazeeka, wengine bila pensheni kwa sababu miaka yao ya kazi waliimaliza chumbani kwa mgonjwa.

Pingamizi tatu

Wapo watakaosema fedha za utafiti zijenge zahanati. Nawaelewa, lakini zahanati ijengwe wapi, na yenye huduma gani? Kama mzee hawezi kutoka kitandani, zahanati iliyo kilomita tano haimfai. Kinachomfaa ni mhudumu wa afya wa jamii anayefika nyumbani, au posho kwa anayemuuguza. Bila kujua wangapi hawawezi kutoka, tunajenga kwa kubahatisha, na kubahatisha ni ghali kuliko kuuliza. Tena hatuanzi sifuri. Ifakara kaya zinafuatiliwa tangu 1996, na za Rufiji zilianza kufuatiliwa baadaye. Nairobi, mitaa ya Korogocho na Viwandani imefuatiliwa kwa miaka mingi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu yenyewe ina utafiti wa kaya ulioanza 2008/09 unaorudi kwa kaya zilezile. Kurudi tunakujua. Tumezoea kurudi kuuliza kuhusu mahindi na matumizi ya kaya. Tuongeze na nani anamwosha bibi.

Pingamizi la pili ni kwamba watu wamechoka kuhojiwa. Hili lina ukweli mchungu. Vijiji vingi vimejibu dodoso baada ya dodoso, na kilichorudi ni vumbi la gari. Dawa yake ni masharti: kila awamu ikiisha, matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji au mtaa kwa Kiswahili kinachoeleweka, mzee anayekutwa na presha ya hatari apewe rufaa siku hiyohiyo, taarifa zake zilindwe, kwani Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na takwimu zikae mahali ambapo mwanafunzi wa Muhimbili au wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar atazipata kwa urahisi uleule anaozipata mwenzake wa Michigan.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: mambo ya kumvua na kumwosha mzazi ni siri ya nyumba. Heshima hiyo naitambua, na mdadisi aichukue kama sharti la kazi yake: mtu mzima ahoji mtu mzima, mwanamke ahoji mwanamke, faragha iwepo, ridhaa iombwe kwa maneno na si kwa karatasi ya kutia dole gumba tu. Lakini tuangalie siri hiyo inamlinda nani. Mzee anayeteseka hailindi. Mjukuu aliyeacha shule hailindi. Inayolindwa vizuri kabisa ni bajeti, ambayo haijawahi kulazimika kujibu.

Kabla ya 2032

Pendekezo langu halihitaji miujiza. Kwanza, utafiti ujao wa maradhi yasiyoambukiza uondoe kikomo cha umri. Kama presha ya mtu wa miaka 30 inapimwa, ya mtu wa miaka 80 ipimwe. Pili, maswali ya Katz, pamoja na yale yaliyorekebishwa Hai, yaingizwe katika utafiti wa taifa unaofuatilia kaya, bara na Zanzibar. Tatu, kila mzee anayejibu kwamba anasaidiwa, msaidizi wake ahojiwe peke yake: saa ngapi kwa siku, aliacha kazi gani, nani humpokea akiugua yeye. Nne, watafutwe hata wakihama, kwa sababu kuhama kwa mzee kutoka kwa mtoto huyu kwenda kwa yule ni sehemu ya jibu lenyewe.

Sensa ijayo, kwa mzunguko wa miaka kumi, ni ya mwaka 2032. Watakaohesabiwa wazee kwa mara ya kwanza siku hiyo, wengi wao leo wana miaka 50 na kitu, yaani umri uleule ambao utafiti wa afya ya uzazi huupa kisogo. Tukianza kuwafuatilia sasa, tutaifikia sensa hiyo tukijua jinsi walivyozeeka, nani aliwaangusha na nani aliwabeba. Tusipoanza, tutapata idadi nyingine kubwa na hotuba nyingine ya Oktoba 1 kuhusu familia. Mbunge atakayeisikia hotuba hiyo namwomba asimame aulize swali moja la nyongeza: Mheshimiwa Waziri, hiyo familia unayoitegemea, mara ya mwisho ofisi yako iliiuliza lini?